Chuma alichookota mtoto: Hatari ya mionzi ambayo haionekani wala hainuki

Novemba 2017, mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara mkoani Kagera, alifika shuleni na kitu cha chuma alichokuwa amekiokota. Alidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Kumbe lilikuwa bomu la kurusha kwa mkono. Lililipuka katikati ya wenzake, likaua watoto watano na kujeruhi wengine zaidi ya 40.

Wazazi wa Dar es Salaam wanalielewa somo hilo. Aprili 29, 2009 maghala ya silaha ya jeshi yalilipuka Mbagala, wilayani Temeke. Februari 16, 2011 ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Vipande vya mabomu viliruka hadi kwenye nyua za watu. Tangu hapo, kauli ya "usiguse chuma usichokijua" ikawa sehemu ya malezi katika mitaa hiyo.

Hata hivyo, kipo chuma kingine ambacho hakilipuki. Hakitoi moshi, hakina harufu, na mara nyingi ukikishika hakina joto lolote. Mtoto anaweza kukiweka mfukoni, akakipeleka nyumbani, akalala nacho chini ya kitanda, na asubuhi akaamka kama kawaida. Madhara yake huja saa au siku kadhaa baadaye. Hicho ni chanzo cha mionzi kilichokwisha matumizi na kusahauliwa.

Vinatoka wapi?

Vyanzo vya mionzi si vitu vya ajabu wala vya kijeshi. Vinafanya kazi nzuri kila siku karibu na maisha yetu.

Hospitali zinazotibu saratani hutumia mashine zenye kobalti 60 kuunguza uvimbe. Kwa miaka mingi mashine za aina hiyo zimetibu wagonjwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, jijini Dar es Salaam. Wajenzi wa barabara wana kifaa kidogo cha kupimia kama udongo umeshindiliwa vizuri, na ndani yake kuna sesiamu 137 na amerisiamu 241. Viwanda vya saruji, vinywaji na karatasi hutumia vipimo vyenye mionzi kujua tangi au chupa imejaa kiasi gani. Mafundi wanaokagua viungo vya mabomba makubwa ya gesi na mafuta huvipiga picha kwa iridiamu 192, kama vile daktari anavyopiga picha ya mfupa.

Mara nyingi chanzo chenyewe ni kidogo sana, pengine si kikubwa kuliko punje ya mahindi. Hufungiwa ndani ya kopo la chuma kigumu, kisha kopo hilo huwekwa ndani ya kasha zito la risasi. Kikiwa ndani ya kasha lake, na kasha likiwa zima, mfanyakazi aliyefunzwa anaweza kukifanyia kazi kwa usalama.

Tatizo huanza pale kazi inapokwisha. Kobalti 60 hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo. Baada ya miaka 10 hivi inabaki robo, na hospitali huiona imechoka kwa sababu mgonjwa anahitaji kukaa muda mrefu zaidi kwenye mashine. Lakini robo hiyo ikitoka nje ya kasha lake bado inaweza kuua. Sesiamu 137 huchukua miaka 30 kupungua nusu, na amerisiamu 241 huchukua zaidi ya miaka 400. Kiwanda kinaweza kufungwa, mkandarasi akaondoka, mtunza stoo akastaafu, na kifaa kikabaki kwenye kona kikiwa na vumbi. Atakayekikuta hatajua ni nini. Ataona chuma kizito kinachong'aa, na chuma kizito ni pesa.

Kwa nini wazazi wa pembezoni wahusike

Tandika, Yombo, Mbagala, Chamazi, Tegeta, Bunju: katika maeneo mengi kama haya si ajabu kukuta mzani wa vyuma chakavu umening'inizwa mbele ya banda. Guta na mikokoteni hupita kuanzia alfajiri. Kuna vijana wanaoendesha familia kwa kazi hiyo, na hakuna sababu ya kuwadharau. Kuna pia watoto ambao baada ya shule, au badala ya shule, huokota misumari, vipande vya mabati na betri mbovu ili wapate hela ya maandazi au daftari.

Mzani unalipa kwa uzito, na hapo ndipo penye mtego. Risasi inayokinga mionzi ni nzito kuliko chuma cha kawaida cha ukubwa uleule. Tena risasi huyeyuka kwa moto usio mkali sana na ina wateja, wakiwamo watengenezaji wa chubwi za nyavu. Kwa hiyo kile kilichowekwa kumlinda mtu ndicho kinachomvutia mwokotaji. Akishaipasua ngao ili auze risasi, chanzo kinabaki uchi.

Familia tatu, somo moja

Mwaka 1984, mjini Mohammedia nchini Morocco, kulikuwa na ujenzi wa kituo cha kufua umeme. Chanzo cha iridiamu kilichotumika kupiga picha viungo vya mabomba kilidondoka bila mtu kujua. Mpita njia alikiokota akakipeleka nyumbani. Watu wanane wa familia hiyo wakafariki dunia, wakiwamo baba, mama na watoto. Awali vifo vilidhaniwa kuwa vimetokana na sumu. Waliposhtukia kuwa ni mionzi, nyumba ilikuwa imekwisha watu.

Mwaka 2000, katika kijiji cha Meet Halfa nchini Misri, mkulima aliokota kipande cha chuma kilichong'aa, naye akadhani amepata kitu cha thamani. Kilikuwa iridiamu iliyopotezwa na mafundi wa mabomba. Yeye na mwanawe wa miaka tisa walifariki, na wengine wa familia hiyo wakalazwa hospitalini.

Tukio linalojulikana zaidi ni la Goiânia, Brazil. Kliniki ilihama mwaka 1985 ikaacha nyuma mashine ya tiba yenye sesiamu 137. Septemba 1987, vijana wawili waliingia kwenye jengo hilo lililotelekezwa, wakang'oa sehemu ya mashine na kuiuza kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Ndani kulikuwa na unga uliotoa mwanga wa buluu gizani. Ulipendeza, ukagawanywa kwa ndugu na majirani kama zawadi. Mtoto wa kike wa miaka sita alicheza nao sakafuni, kisha akala yai kwa mikono ileile. Alikuwa mmoja wa watu wanne waliokufa. Zaidi ya watu 110,000 walipimwa, na 249 wakakutwa na unga huo mwilini au kwenye nguo.

Katika matukio yote matatu hakuna aliyetaka kudhuru mtu. Hakukuwa na mwizi wa silaha wala gaidi. Kulikuwa na kitu kilichokosa mwangalizi, kikaingia nyumbani kwa mtu ambaye hakuwa amewahi kuambiwa. Aliyezuia Goiânia isiwe mbaya zaidi alikuwa mama, mke wa mwenye yadi ya vyuma. Aliona watu wa nyumbani wanaugua kwa pamoja, akakishuku kile chuma, akakipeleka kwenye ofisi ya afya. Alipanda nacho basi, jambo ambalo leo hakuna mtaalamu atakayelishauri, na yeye mwenyewe hakupona. Lakini kuunganisha kwake ugonjwa na kitu kilicholetwa nyumbani kuliokoa mji.

Njia sahihi inaelekea Arusha

Nchini Tanzania mwenye dhamana ya mambo haya ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, iliyoundwa chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003. Kabla ya hapo kulikuwa na Tume ya Taifa ya Mionzi, iliyotokana na sheria ya mwaka 1983. Mtu au kampuni hairuhusiwi kuingiza, kumiliki, kusafirisha wala kutupa chanzo cha mionzi bila kibali cha Tume.

Ghala kuu la taifa la taka za mionzi liko Arusha. Chanzo kilichokwisha matumizi Dar es Salaam hakizikwi uani, hakitupwi dampo la Pugu Kinyamwezi wala hakiuzwi pamoja na mashine mbovu. Ama kinarudishwa kwa mtengenezaji nje ya nchi, ama kinafungashwa na kusafirishwa zaidi ya kilomita 600 hadi Arusha, kikae chini ya ulinzi na kumbukumbu. Kwa vile vyenye nguvu kubwa, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza, baada ya Sudan, kuletewa chumba maalumu cha kuhamishika kilichobuniwa Afrika Kusini. Ndani yake mafundi huvitoa na kuvifungasha wakiwa nyuma ya ukuta mnene, wakitumia mikono ya mashine. Kazi hiyo ilifanyika kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA.

Safari yenyewe ina masharti yake. Vyanzo vikali hubebwa kwenye makasha ambayo muundo wake umejaribiwa kwa kuangushwa kutoka urefu wa mita 9 kwenye sakafu isiyobonyea, kisha kuwekwa kwenye moto wa nyuzi joto 800 kwa dakika 30. Lori hubandikwa kibao chenye umbo la almasi ubavuni na nyuma, nusu ya juu ikiwa njano na ya chini nyeupe, chenye alama ya mionzi na namba 7. Mzazi akiliona lori hilo kwenye foleni ya Morogoro Road hana sababu ya kuogopa: mzigo uliofungwa vizuri na kutajwa waziwazi si tishio kwa anayepita. Chenye kutisha ni mzigo unaosafiri bila kutajwa.

Hata penye utaratibu, uzembe mdogo huleta kishindo. Desemba 2013 nchini Mexico, lori lililobeba kobalti ya hospitali kwenda ghala la taka liliporwa dereva akiwa amepumzika karibu na kituo cha mafuta. Wezi walitaka lori, hawakujua mzigo ni nini. Chanzo kilikutwa shambani, nje ya kasha. Januari 2023, kopo la sesiamu lenye urefu wa milimita 8 lilidondoka kutoka kwenye lori magharibi mwa Australia kwa sababu kifaa kililegea kwa mtikisiko. Walilisaka kwenye barabara ya kilomita 1,400, na wakalipata pembeni ya lami kwa msaada wa vipimo.

Alama ambayo wengi hawaisomi

Alama ya mionzi inayofahamika zaidi ina duara dogo katikati na mabawa matatu, nyeusi au zambarau kwenye rangi ya njano. Kwa mtoto wa Dar es Salaam inafanana na pangaboi. Hakuna kinachomwambia kwamba ni kitu cha kukimbiwa.

Tatizo hilo si la watoto peke yao. Ndiyo maana mwaka 2007 IAEA na Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, walitangaza alama ya nyongeza baada ya kuijaribu kwa watu wa nchi 11, Kenya ikiwamo. Ni pembetatu nyekundu yenye mabawa yale yanayotoa mionzi, fuvu la kichwa, na mtu anayekimbia. Hata asiyejua kusoma anaelewa: hiki kinaua, ondoka. Alama hiyo huwekwa kwenye kifaa chenyewe, mahali ambapo mtu ataiona akianza kukifungua.

Wazazi wanaweza kuwachorea watoto alama zote mbili kwenye karatasi na kuibandika karibu na meza ya kusomea. Ni kazi ya dakika tano. Lakini wakumbuke kuwaambia kwamba kifaa cha zamani kinaweza kuwa kimekwanguka rangi na kukosa alama kabisa. Dalili nyingine ni uzito: kitu kidogo kinachokuwa kizito kupita ukubwa wake, kasha nene lenye kufuli au skrubu nyingi, au mkebe wenye maandishi ya kiwandani usioeleweka kazi yake.

Mtoto akishakiokota

Wataalamu wa kinga ya mionzi hutegemea mambo matatu: muda, umbali na kizuizi. Kwa mzazi, umbali ndio rahisi zaidi. Mtu akisogea kutoka mita 1 hadi mita 10 mbali na chanzo kidogo, mionzi inayomfikia hupungua mara 100. Kwa hiyo hatua za kufuata ni hizi:

Kwanza, kitu kiachwe kilipo. Kisibebwe, kisifunguliwe, kisigongwe nyundo, kisitupwe chooni wala kwenye mtaro.

Pili, watu wote waondoke na wakae umbali wa angalau mita 30. Picha ikihitajika, ipigwe kwa simu kutoka mbali.

Tatu, itolewe taarifa polisi kwa namba 112 au Zimamoto kwa namba 114, na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ili TAEC iitwe. Tume ina ofisi Dar es Salaam pia, si Arusha peke yake.

Nne, waliokishika wanawe mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula, kunywa au kumshika mtoto mchanga. Wabadili nguo na kuzifunga kwenye mfuko, uwekwe mbali na watu.

Tano, wakienda hospitali wamweleze daktari wazi kuhusu chuma hicho na muda waliokaa nacho. Kutapika ndani ya saa chache, uchovu, ngozi kuwa nyekundu au kutoa malengelenge kama ya maji ya moto bila kuungua, na baadaye nywele kunyonyoka, ni dalili zinazoweza kudhaniwa malaria, sumu ya chakula au hata kurogwa. Goiânia wagonjwa wa kwanza walidhaniwa kuwa na ugonjwa wa nchi za joto. Daktari asipoambiwa, hawezi kubuni.

Hofu isizidi hatari

Kuna wanaosikia neno mionzi wakaanza kuogopa hata eksirei ya mtoto aliyevunjika mkono. Mashine ya eksirei haina chanzo ndani. Ikizimwa, mionzi imekwisha, kama taa. Hali ni hiyo hiyo kwa mashine za kisasa za tiba ya saratani zisizotumia kobalti, zilizoanza kutumika Ocean Road mwaka 2018. Mgonjwa aliyetibiwa kwa mashine za aina hizo akirudi nyumbani anaweza kukumbatiwa na wajukuu wake bila wasiwasi.

Vilevile, mtu aliyepigwa na mionzi ya chanzo kilichofungwa haambukizi. Tofauti ni pale unga au vumbi lenye mionzi linapomwagika, kama Brazil, na ndiyo sababu ya kunawa na kubadili nguo. Ujinga wa jambo hili uliwaumiza watu wa Goiânia mara ya pili: umati ulifika makaburini kupinga yule mtoto wa miaka sita asizikwe hapo, ingawa jeneza lake lilikuwa limefunikwa kwa risasi.

Wajibu wa walio kazini

Si kila mzazi ni msomaji tu katika suala hili. Wapo mafundi, madereva, watunza stoo na walinzi wa viwanda na makambi ya ujenzi. Kiwanda kinapofungwa au mashine inapouzwa kama chakavu, swali la kuuliza ni moja: je, kuna kifaa chenye alama ya mionzi, na hati yake iko wapi? Mwenye yadi ya vyuma naye ana kila sababu ya kukataa kasha zito lililofungwa ambalo muuzaji hawezi kulieleza.

Likipita hapo, linaweza kuingia kwenye tanuri. Mwaka 1983 huko Ciudad Juárez, Mexico, kobalti ya mashine ya hospitali iliyouzwa kama chakavu iliyeyushwa pamoja na vyuma vingine. Ikatoka ikiwa nondo na miguu ya meza. Iligunduliwa Januari 1984 pale tu lori lenye nondo hizo lilipopita karibu na kipimo cha mionzi cha maabara ya Los Alamos, Marekani. Mamia ya nyumba zilizokwisha kujengwa yalilazimika kubomolewa.

Asiogope kusema

Wazazi wengi wamewakataza watoto kuokota vyuma, na wamefanya vyema. Lakini katazo linaloambatana na fimbo peke yake lina upande wake mbaya. Mtoto aliyeokota kitu na kuogopa kuchapwa hatakionyesha. Atakificha pale anapoona pana usalama: ndani ya begi, chini ya godoro, nyuma ya kabati la chumba anacholala na wadogo zake. Kwa chanzo cha mionzi, saa nane za usiku mmoja karibu na mwili zinaweza kutosha kuleta madhara yasiyorekebishika.

Kwa hiyo mazungumzo na watoto yawe na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni: usiguse chuma usichokijua, hata kama kinang'aa, hata kama rafiki anasema kina bei. Sehemu ya pili, ambayo husahaulika: ukiwa umeshakigusa, kiache huko huko uje useme, na siku hiyo hutapigwa. Mzazi atakayeahidi hivyo aitimize ahadi yake hata kama chuma chenyewe kitakuja kuwa kipande cha gia ya pikipiki. Siku nyingine huenda kisiwe gia.